Marinda Ndani ya Maji

Mimi ni fundi cherehani, na nina maringo na kazi yangu. Siyafichi. Ukipita Mbalizi ukamwona mwanafunzi ambaye sketi yake ina marinda yaliyosimama wima, ingawa muhula mzima ameyakalia darasani, huna haja ya kuuliza kashonewa wapi. Mtumba siupendi, hilo nalo kila mtu sokoni analijua. Wenye marobota wakiniona napita huwa wananitania, "Fundi, njoo uone ulaya walivyoshona!" Mimi nawajibu kwamba ulaya wangekuwa wameshona vizuri wasingeitupa.

Binti yangu wa kwanza alikuwa kidato cha tatu, anasoma bweni Iringa. Shule ile ina bwawa la kuogelea. Nililisikia bwawa hilo siku tulipompeleka, lakini nililisikia kama unavyosikia kwamba shule ina ukumbi mkubwa au gari jipya. Sikudhani litanihusu. Basi likizo ya mwezi wa sita, tunakula ugali na maharage, mtoto akasema, "Baba, nataka kuingia timu ya kuogelea."

Nikaweka tonge chini. "Nani kakufundisha kuogelea?"

"Madam wetu. Tangu kidato cha kwanza."

"Na hukufa?"

"Sasa Baba, ningekufa ningekuwa hapa nakula maharage?"

Mama yake alicheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka. Sisi kwetu, mlimani huku, maji ni ya kuchota. Utoto wangu wote nilikatazwa kuingia mtoni kupita kifundo cha mguu, na nilitii, na mpaka leo sijawahi kuingia kwenye maji yaliyofika magotini. Hata ubatizo wangu ulikuwa wa matone, ndivyo sisi Walutheri tunavyofanya, na mama yangu alisema hata hayo matone niliyapigia kelele usharika mzima. Leo nimezaa mtu anayesema anataka kwenda kujilaza juu ya maji kwa hiari yake, tena ashindane.

Alitueleza taratibu. Mwezi wa nane, Jumamosi moja, kungekuwa na mchujo. Kila msichana anaogelea mita hamsini, kwenda na kurudi, na anapewa nafasi mbili. Ukimaliza chini ya sekunde arobaini na tano hata mara moja tu, umeingia timu, unakwenda Dar kushindana na shule nyingine. Usipofikisha, unabaki kushangilia wenzako. Alipokuwa akieleza mikono yake ilikuwa inakwenda juu ya sahani za watu, nikaona kwamba huyu mtoto hataki tu, anatamani. Mwanangu huyu si mtu wa kutamani vitu. Kitu pekee alichowahi kuniomba kabla ya hapo ni kamusi.

Tatizo lilikuwa nguo. Shule ina chache za kuazimisha, na kila anayeweza aje na ya kwake. Kesho yake mke wangu akaenda mnadani, akarudi na moja ya bluu, ya mtumba, akaianika kwenye kamba. Niliishika kwa vidole viwili. Ilikuwa ndogo kama leso ya mfukoni.

"Hii ndiyo nguo yenyewe, au wamekuuzia kipande?"

"Ndivyo zilivyo," mke wangu akasema.

"Ndivyo zilivyo wapi?"

"Kwenye maji, mume wangu."

"Kwenye maji sawa. Na akitoka kwenye maji? Watu hawapo?"

Mimi ni mzee wa kanisa. Nilisema nitashona mwenyewe, na nikishasema hivyo nyumbani kwangu mjadala umefungwa.

Nilichukua tetroni ya bluu, ile ile ya sare, kwa sababu ndicho kitambaa kigumu kuliko vyote dukani na niliwaza baridi ya Iringa. Ndani nikaweka bitana. Mikono ikafika kwenye kiwiko. Kiunoni nikatia lastiki pana, na chini ya lastiki nikazungusha sketi ya marinda kumi na mawili mpaka gotini, kila rinda nimelipiga pasi ya mkaa hadi likakunjika kama karatasi. Kola nilitaka kuweka, nikajizuia. Kazi ile ilichukua siku tatu, wateja wanasubiri kibarazani, na sikujali. Sijawahi kushona nguo kwa upendo kiasi kile.

Alipoijaribu, ilimkaa. Alizunguka mara moja, marinda yakafunguka, yakajirudi mahali pake. Mama mkwe wangu, aliyekuwa amekuja kututembelea, akasema binti anaweza hata kwenda nayo ibadani, nami nikaipokea hiyo kama sifa. Mtoto akasema, "Asante, Baba. Imenikaa kweli." Halafu akalikamata pindo kwa ngumi, akalikamua kidogo, ingawa lilikuwa kavu. Nilidhani anausifia mshono. Wala sikuuliza, wala yeye hakusema.

Mwezi wa nane nikapanda basi la asubuhi kwenda Iringa. Mchujo ulikuwa umewekwa siku ya wazazi kutembelea watoto. Nililala Kihesa kwa dada yangu, ambaye ameolewa huko miaka mingi na sasa ananisalimia "Kamwene, kaka" kwa Kihehe ili kuniudhi. Jumamosi saa mbili tayari nilikuwa getini, nimevaa suti yangu ya kahawia, upepo wa Iringa unanikata masikio.

Wakatupeleka nyuma ya madarasa, na hapo nikaliona bwawa.

Sijui niseme nini kuhusu bwawa lile ili mtu aliyezoea asinicheke. Nilikuwa nimeshaona maji mengi, mvua ya masika naijua, mto Songwe ukifurika naujua. Lakini yale yote ni maji yenye haraka, yana matope, yanakwenda zao. Haya yalikuwa yametulia. Mengi, ya bluu, na chini kabisa ungeweza kuona sakafu na mistari myeusi iliyonyooka kama nimeipiga mimi kwa chaki na rula. Mvuke mwembamba ulikuwa unapanda juu yake kwa sababu ya baridi. Nilivua kofia. Hakuna aliyeniambia nivue, na nilipojikuta nimeishika mkononi nikaona haya kuirudisha.

Wasichana wakatoka. Walikuwa kumi na kitu, na wote wamevaa zile leso. Macho yangu yalikosa pa kutua, nikayapeleka kwenye miti ya misanduku iliyo ng'ambo ya uzio. Halafu akatoka wa kwangu na nguo yangu, amenyooka, marinda yamesimama, na kwa dakika moja nzima nilikuwa mzazi mwenye furaha kuliko wote Iringa. Mama mmoja aliyekaa pembeni yangu na chupa ya chai akaniinamia. "Huyo wa kwaya naye anaogelea?"

"Huyo ni wangu," nikamwambia.

"Kapendeza," akasema haraka.

Walikuwa wanaogelea watano watano. Mwalimu wao, mwanamama wa Njombe aliyevaa suti ya michezo na kofia ya sufu, alisimama ukingoni na saa yake ya kuhesabia sekunde. Filimbi ikalia. Wale wanne wakaingia majini kama sindano inavyoingia kitambaani, kimya, bila kuacha kitu. Mwanangu naye akaingia. Sketi ikabaki juu.

Nasema kweli, ilibaki juu ya maji imefunguka duara, marinda yote kumi na mawili, kama mwavuli uliopinduliwa na upepo. Kisha ikanywa maji. Niliiona ikinywa. Mikono nayo ikajaa, kila anapoinua mkono anainua na ndoo ya maji pamoja nao, na mgongoni bitana ikavimba. Lakini alikuwa anakwenda! Hilo ndilo lililonitoa jasho kwenye baridi ile. Uso wake uliingia majini ukapotea, ukageuka pembeni ukachukua hewa, ukaingia tena, bila hofu yoyote, mtu anaburuta mzigo wa namna ile na bado anakwenda. Nilikuwa nimesimama bila kujua nimesimama lini. Wenzake walikuwa wameshagusa ukuta, yeye bado anarudi.

"Hamsini na moja," mwalimu akasema, akaandika.

Alipopanda ngazi, maji yalimwagika kutoka kwenye nguo ile, yakamwagika, yakaendelea kumwagika. Kuna watoto walicheka. Si sana, lakini walicheka.

Mwalimu alikuja mwenyewe mpaka nilipokuwa. "Shikamoo, mzee. Wewe ndiye baba yake?"

"Marahaba, mwalimu. Ndiyo mimi."

"Wiki hii nzima alikuwa anamaliza kwa arobaini na tatu."

"Sasa leo kapatwa na nini?"

Akanitazama. Alikuwa ananistahi, naliona hilo sasa, lakini wakati ule niliona anazunguka tu. "Mazoezini huwa anavaa ya shule, mzee. Jana aliirudisha stoo. Alisema ana ya kwake, na baba yake anakuja kumwona. Nimeuliza stoo, zote zimeshachukuliwa, waliozichukua ndio hao wanaoogelea sasa."

Kwanza nilikasirika. Ndivyo nilivyo, jambo likiniuma huwa naanza na hasira. Nilimkasirikia mwalimu kwa kutoniandikia, nikamkasirikia dada yangu wa Kihesa ambaye hahusiki kabisa, kisha nikatembea mpaka kwenye benchi ambapo mtoto alikuwa amejifunga kitenge juu ya ile nguo, meno yanagongana.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikaa siku tatu, Baba."

"Siku tatu ni zangu! Nilikuuliza habari ya siku tatu?"

Akatazama miguu yake. "Nilidhani nitaiweza. Nilisema nitaivuta tu."

"Na usipoiweza?"

"Basi. Nitajaribu mwakani."

Alisema hivyo bila machozi, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayekuambia duka limefungwa. Angelia ningejua la kufanya. Lakini mtoto aliyekuwa akiogelea juu ya sahani zetu za maharage alikuwa ameshaamua kuikosa Dar, akae mwaka mzima akishangilia wengine, ili mimi nisijue kwamba nimeshona vibaya. Hapo hasira yote ikaniishia, nikabaki na aibu tupu.

"Nenda kavue," nikasema. "Niletee hapa."

"Baba?"

"Nenda, mama. Upesi."

Mwalimu alisema zimebaki kama dakika ishirini kabla ya zamu yake ya pili. Sisafiri bila mkasi mdogo, sindano na uzi, na siku hiyo nilikuwa nimevibeba kwa ajili ya nguo hiyohiyo, nikidhani labda itambana kwapani. Mtoto akanipitishia nguo mlangoni pa chumba cha kuvalia. Ilikuwa nzito kama mbuzi mdogo. Yule mama wa chupa ya chai akaja bila kuitwa, akashika upande mmoja, mimi upande wa pili, tukaikamua kama blanketi. Maji yaliyotoka yalifika viatuni.

Nikaikunjua juu ya benchi. Nikashika mkasi, mkono ukagoma.

Watu watadhani niliyaonea huruma marinda. Sikuyaonea. Nilikuwa naogopa mapaja ya mwanangu mbele za watu. Niliona simu za wazazi zilivyoinuliwa zinapiga picha, nikaliona benchi letu la wazee kanisani Mbalizi, na mmoja wao, namjua ni nani, anaipitisha picha kwa mwenzake bila kusema neno. Nilisimama pale na mkasi hewani, na muda unakwenda, na huyu mama wa watu ananitazama.

"Mwalimu," nikaita. "Mpaka wapi?"

Hakucheka. Akaweka kiganja chake pembeni, juu kabisa mwa paja lake mwenyewe. "Hapa, mzee."

Nikakata mpaka hapo. Rinda la kwanza ndilo lililokuwa gumu, mengine yakafuata. Sketi yote ikaanguka chini, nikaisogeza kwa mguu. Nikakata mikono, halafu nikaona haitoshi, nikachimba mabega yakawa wazi kabisa ili mkono uzunguke bila kushikwa. Nikaing'oa bitana. Nikaigeuza nguo nje ndani, nikabana ubavuni kwa uzi mara mbili, mishono ya bandi fupifupi, kitambaa kilicholowa kinaing'ang'ania sindano mpaka nikawa naivuta kwa meno. Kati ya miguu nikafunga kwa kipande cha lile rinda la kwanza. Mama wa chai alikuwa ananishikia ncha. Watu walikuwa wametuzunguka na sikumsikia hata mmoja. Nimeshashona magauni ya maharusi yanayosubiriwa na gari mlangoni, lakini sikuwahi kushona kwa haraka vile, na sikuwahi kumpimia mtu nguo ya kuvaa ndani ya maji. Futi ya kupimia sikuitoa. Nilikuwa nakumbuka tu jinsi mabega yake yalivyogeuka, na pale yaliposhikwa.

Filimbi ya kuwaita ikalia nikiwa nakata uzi. Nikampitishia mlangoni, "Chukua! Vaa!"

Akatoka akikimbia. Sikuwahi kumwona. Yaani nilimwona mtoto mchanga nikamwogesha kwenye beseni, lakini huyu mwenye mabega na miguu mirefu sikuwa nimemwona. Akapanda ukingoni, akainama, akatulia. Wote wakatulia.

Filimbi.

Akaingia, na safari hii hakuna kilichobaki juu. Maji yalifunguka yakajifunga, naye hayupo. Nakiri, nilitaka kupiga kelele kama mtoto aliyebatizwa. Halafu nikamwona chini, kivuli kirefu kinateleza juu ya mstari mweusi, anapiga miguu kidogo tu, na maji yote yale yanampisha. Akaibuka mbali kuliko nilikokuwa namtafuta. Mkono ukatoka, ukazunguka, ukaingia, na wa pili, na wa kwanza, na uso unageuka kuvuta hewa kwa utulivu ambao mimi sina hata nikiwa nimelala kitandani. Nani alimpa? Mimi sikumpa. Mama yake anaogopa hata kuvuka daraja. Akaufikia ukuta wa mwisho, akajiviringisha, akapotea tena, akatoka anakuja upande wangu.

Nilikuwa nimeshika kofia kwa mikono miwili. Nimekaa kanisani miaka mingi nikisikia habari ya hofu na kicho, na nilidhani nazielewa. Nilikuwa sielewi. Nilimwogopa mwanangu mwenyewe, kwa hofu tamu, nikatamani asifike upesi ili nizidi kumwona, na nikatamani afike sasa hivi kwa sababu ya ile saa.

Akagusa.

Mwalimu akaitazama saa yake kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, au labda mimi ndiye niliyeona mrefu. Akainua uso. "Arobaini na nne."

Mama wa chai akapiga kigelegele, wala si mtoto wake. Wenzake waliokuwa wameshapita wakamkimbilia, wakamvuta mkono mmoja mmoja kumtoa majini. Mimi sikusogea.

Akajitoa kwa wenzake, akaja. Mshono mmoja wa ubavuni ulikuwa umefumuka inchi mbili, niliuona kabla hajafika. Akasimama mbele yangu akihema, analowesha saruji, mapaja wazi, mabega wazi, mbele ya wazazi wote na simu zao, anacheka, hajaribu kujifunika na chochote.

"Baba, umeona?"

Nikaisubiri ile aibu niliyoiogopa tangu mwezi wa sita. Nilisimama kabisa nikaisubiri, kwa sababu nilikuwa na uhakika inakuja. Haikuja.

"Nimeona, mama," nikamwambia. "Vaa sweta, kuna baridi."